Gitaa Lililopigwa Pasi

Baba aliniita Mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi, na kwa sababu hiyo hakuwahi kunichapa. Kazi ya kuchapa aliachiwa mama yangu. "Huyo atamgusa wapi?" mama alikuwa akiwaambia majirani zetu wa Kaloleni, Kisumu. "Amchape mamake, mvua ikatae kunyesha kwao Nyakach kote?"

Jumapili moja ya likizo ya Agosti, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilifanya kosa ambalo niliamini lingeniondolea jina hilo. Baba alikuwa amekwenda kijijini kwao, Pap Onditi, kumsaidia kaka yake shambani, arudi Ijumaa. Jumamosi yake alikuwa na harusi ya kupigia gitaa, mwaliko wa kwanza kwa miezi mingi. Alikuwa ameshasema kwamba gitaa likizidi kulala kitandani kuliko kuimba, ataliuza. Mwaliko huo ndio uliomzuia. Kabla ya kuondoka aliniachia shati lake jeupe la jukwaani.

"Mama, linyooshe mpaka nzi akitua ateleze."

Nyumba yetu ilikuwa na meza moja, na siku ile ilijaa omena, dagaa wa ziwani, ambao mama alikuwa akiwachambua kwa ajili ya soko. Gitaa lilikuwa kitandani, jekundu, la umeme, na mgongo wake ulikuwa bapa kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Nililigeuza kifudifudi, nikalitandikia shuka iliyokunjwa mara mbili, nikaweka mkono wa kushoto wa shati, nikapitisha pasi ya makaa. Ulinyooka vizuri ajabu. Nilipotaka kusogeza shuka ili niweke mkono wa pili, ilinata. Chini yake rangi nyekundu ilikuwa imetoka malengelenge, kama mguu uliomwagikiwa uji.

"Wuololo!" mama alisema. "Umempiga baba yako pasi!" Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Jumatatu alfajiri alinipeleka ufuoni Dunga, alikonunua samaki, kwa mzee mmoja aliyetengeneza mashua. Nilimsihi atupe rangi nyekundu kidogo, nifunike tu pale palipoungua. Mzee alilizungusha gitaa mikononi kama mtu anayekagua mtoto wa wenyewe.

"Ukipaka mgongo peke yake, litaonekana limevaa koti la kuazima," akasema. "Livue lote. Ubao wa ndani ni mzuri kuliko hii rangi."

Alitugawia msasa wa aina mbili na vanishi iliyobaki ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Akaniinulia kidole: nipake nyembamba, nisubiri ikauke, nipake tena. "Ukipaka nene, mzee wako atanatana nalo mpaka Krismasi."

Nyumbani nilitoa nyuzi, nikafungua skrubu nne za shingo, kisha kifuniko cha mbele pamoja na vifaa vyake vya umeme. Kila kilichotoka nilikichora katika ukurasa wa mwisho wa daftari la hesabu. Waya mmoja ulikuwa umechomelewa na haukukubali kuachia. Niliukata kwa kisu cha jikoni, na tangu hapo nikawa na hofu mbili: moja ya macho ya Baba, nyingine ya masikio yake.

Nilisugua siku mbili. Nyekundu ilipotoka nikakuta buluu, chini ya buluu nyeupe, na chini kabisa ubao wa rangi ya mkate, wenye mistari iliyotulia kama maji asubuhi. Nilisahau kuogopa. Nilipaka vanishi Jumanne jioni, nikapaka Jumatano, na kila mpako ulizidi kuiamsha ile mistari.

Alhamisi harufu ilimuumiza mama kichwa, kwa hiyo niliupaka ubao mpako wa tatu kisha nikauning'iniza nje, kwenye kamba ya nguo. Nikaenda bombani. Mtu mwenye akili, aliyezaliwa Kisumu, angetazama kwanza upande wa ziwa. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoruka kwa maelfu, walikuwa wameinuka majini kama moshi usio na moto, na niliporudi na ndoo walikuwa wameshafika. Ubao ulikuwa mweusi, una manyoya. Niliinua kitambaa nipanguse, mama akanidaka mkono.

"Usiguse! Ukipangusa utawapaka kama siagi. Waache wafe, wakauke. Kesho utawasugua."

Nililala nikiwa na uhakika kwamba gitaa limekwisha. Asubuhi, kwa msasa laini uliolowa maji, walitoka kama unga mweusi, na chini yao vanishi ilikuwa salama. Ni mmoja tu aliyekwama, karibu na mahali pa kufungia mkanda, amezama sana na mbawa zake zote. Nilimwacha. Nikapaka mpako wa mwisho ndani ya nyumba, madirisha yakiwa yamefungwa, omena wakiwa wamehamishiwa kwa jirani.

Baba aliingia saa kumi jioni na gunia la mahindi begani. Akasimama mbele ya ule ubao uliotundikwa kwenye msumari.

"Hiki ni nini, mmechinja mbuzi?"

Nilimweleza yote kwa pumzi moja, hadi waya. Alilisogelea, akanusa, akainama kuifuata mistari kwa macho. Gunia lilikuwa bado begani.

"Mama," akasema hatimaye, "niletee maji ya kunywa."

Sijawahi kukimbilia mtungi hivyo. Mama lilikuwa bado jina langu.

Jumamosi asubuhi tuliliunganisha pamoja, daftari likiwa wazi magotini mwangu. Ule waya aliusokota kwa vidole na kuufunga kwa utepe. Lakini amplifaya ilikuwa ukumbini kwa wenzake wa bendi, kwa hiyo hakuna aliyejua kama litatoa sauti. Wakati wa kuondoka ulipofika, Baba alichukua shati. Wiki nzima hakuna aliyelikumbuka. Akainua mkono wa kushoto wa shati.

"Huu unakwenda harusini." Akainua wa kulia, uliokunjamana kama jani la kabichi. "Na huu?"

"Huo ndio uliokuwa unafuata," nikasema.

Ilibidi aketi acheke.

Ukumbini alichomeka waya, akapiga. Kimya. Akazungusha kitufe. Kimya. Mama alinishika bega. Baba akasukuma plagi kwa kidole gumba, ikaingia hadi mwisho, na spika ikanguruma, na noti ya kwanza ikatoka safi, ikaenda mpaka mlangoni. Niliketi palepale sakafuni nikalia, na mama akasema ni moshi wa jikoni.

Walipopumzika, mwimbaji wao alilitazama gitaa kwa karibu. "Bwana, kuna mdudu ndani ya hii kitu yako!"

"Huyo alitua," Baba akasema, akiniangalia, "akakosa kuteleza."

Kisha akainua ule mkono wa kulia wenye shati lililokunjamana, akaanza wimbo mwingine.