Kinga ya Umeme kutoka Katana

Kwa muda mrefu niliwaambia ndugu na majirani kwamba ni mume wangu aliyeitaka ile kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli huku kwetu. Uongo. Niliitaka mimi. Nilikuwa mwanamke mwenye shahada, aliyewahi kuandika insha ndefu ya kuwacheka watu wanaoabudu vyombo vya magurudumu, na sasa nilikuwa nikikaa ofisini nikitazama kwenye simu picha za baiskeli ya umeme yenye sanduku la mizigo mbele.

Sababu ilikuwa binti yetu. Risasi ilipenya bati la jikoni akiwa anaosha sahani, ikamvunja nyonga. Madaktari waliunga walichoweza. Shule iko juu mlimani, na kila asubuhi baba yake alimbeba mgongoni. Mtoto alikuwa anakua, mgongo wa baba ulikuwa unakwisha. Tulijaribu pikipiki, ilimtikisa mpaka akauma ukosi wa sare asipige kelele. Bila chombo cha kumketisha mguu ukiwa umenyooka, masomo yalikuwa yamefika mwisho.

Muuzaji alikuwa binamu ya mume wangu, mchuuzi wa sambaza, dagaa wa ziwani, kutoka Katana. Kinga aliipata ng'ambo ya mpaka, lakini alichoka kusimamishwa njiani na wenye bunduki, akaamua samaki wake wasafiri kwa boti. Alipanda kilima chetu akiwa ameketi kama askofu.

"Shemeji, ona! Hata sihemi."

Tulimweka mtoto ndani ya sanduku. Akanyoosha mguu, akakunja pua.

"Iko inanuka sambaza."

"Hiyo ni parfum, mama. Nakuongezea bure," binamu akamjibu mtoto.

Mume wangu alikuwa ameshainama, anachomoa betri. "Wenye bunduki wakikuja, tunaitoa, tunapeleka kwa jirani. Kinga inabaki maiti."

Ndivyo mtaa wetu unavyoishi. Milio ya risasi ikianza, mwenye pikipiki hufungua gurudumu na kulipitisha juu ya ukuta. Kiti kinakwenda nyumba nyingine, betri nyumba nyingine tena. Nimewahi kulala na gurudumu la mtu chini ya kitanda changu. Kukitulia, kila mtu anarudisha kiungo alichomfichia mwenzake.

Nikamkumbusha mume wangu habari ya jirani wa bondeni. Yeye pia alificha gurudumu. Walimpiga kwa kitako cha bunduki mpaka meno yakatoka, akalifuata alikolificha, akalifunga mwenyewe. Alipokaza nati ya mwisho walimpiga risasi ya shingo, wakawasha pikipiki na kuondoka.

"Yule aliwajibu vibaya," mume wangu akasema.

"Vibaya? Alikuwa amepiga magoti!"

"Basi tusinunue. Nitaendelea kumubeba mpaka nianguke, wewe utaandika insha."

Nilistahili hilo. Kutoka ndani ya sanduku mtoto akasema, "Mimi walishanipiga. Hawawezi kurudilia mutu moja."

Akacheka peke yake.

Nina kipaji kimoja cha chuo kikuu: kuuvisha woga wangu koti la utafiti. Badala ya kusema ndiyo au hapana, nikamwambia binamu airudishe Katana, tufikirie, kisha ailete tena Jumatatu tuijaribu kwenye mlima wenyewe wa shule. Akacheka: "Shemeji, wewe hata bwana ulimujaribu mbele ya kumuoa?" Lakini akakubali. Asubuhi ya Jumatatu alinipigia kuwa anaondoka.

Mtoto alivaa sare mapema, akaketi mlangoni. Saa ya kengele ya shule ikapita. Mchana ukapita. Nilipiga simu ikaita tu. Mume wangu akasema pengine matope. Mimi nikasema ndiyo, matope.

Jioni simu ikalia, namba ya binamu. Nikaanza kumgombeza kabla hajasema neno.

"Maman, pole pole," ilisema sauti nisiyoijua, ya kijana. "Wewe ndiye ulikuwa unangojea hii kinga? Alisema ni ya mutoto wa shule."

"Mwenyewe iko wapi?"

"Alishikilia. Tulimwambia aachilie, akashikilia tu." Nyuma yake mtu alikuwa akicheka, na kengele ya kinga ikilia, kling, kling. "Sisi kinga hatuna kazi nayo. Tunakuuzia. Kuko damu kidogo mu sanduku, utaosha."

Mume wangu alikuwa amesimama mbele yangu, mkono umenyooshwa, akitaka simu. Mtoto alikuwa bado mlangoni na sare yake.

"Maman, unakuja kuichukua ao hapana?"

"Hapana, papa," nikasema, kwa adabu ileile ninayowajibia wachuuzi sokoni. "Aksanti."

Akakata.