Averil Setchell na Chelezo Kilicholala

Averil Setchell alikuwa na dharau ya kumtosha kila mtu, na aliigawa bila upendeleo. Wa kwanza kupata fungu lake alikuwa mtu anayekuja kuvua paiki bila kipande cha waya mbele ya ndoana, kana kwamba samaki yule mrefu, mwenye kinywa kilichojaa meno kama msumeno, ataheshimu mshipi wa nailoni kwa sababu tu ulinunuliwa ghali. Baada yake alikuja mwenye koleo fupi la kutolea ndoana. Kisha mwenye wavu mdogo. Kisha wanaume wote waliofika ukingoni mwa Mfereji wa Futi Arobaini wamevaa mabakamabaka ya kijeshi, ili wasionekane na samaki anayeishi kwenye maji ya rangi ya chai.

Siku za kazi alisimama kwenye kiwanda cha viazi nje ya mji wa Chatteris, akichambua vilivyooza vinavyopita mbele yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza ana maoni gani juu ya jambo lolote. Nyumbani, Denzil mumewe alimuuliza soksi zake ziko wapi. Ila kila Novemba, chama cha wavuvi kilipoitisha Jumapili ya wanaoanza, watu wazima walisimama kwenye nyasi zenye barafu na kumsikiliza Averil asubuhi nzima. Waliuliza, naye akajibu. Waliandika hata matusi yake.

Mwaka huu Jumapili hiyo ilikuwa mashakani. Kamati ilikuwa imempata Jolyon Birtles, aliyehamia kutoka London, mwenye meno meupe na video zake za uvuvi ambazo watu walisema zinatazamwa sana. Walimwambia Averil, kwa upole wa watu waliokwisha kuamua, kwamba wote wawili wangefundisha safari hii, kisha wanaoanza waulizwe wamempenda nani.

"Wamempenda nani?" Averil alimwambia Denzil. "Kwani ni shindano la keki?"

"Si utabasamu kidogo, mpenzi," alisema Denzil.

"Nitabasamu na koleo mkononi?"

Basi Jumapili ikafika, ukungu umekaa juu ya mashamba meusi, malori ya viazisukari yakipita barabarani na kuacha tope kila kona. Averil alisimama mbele ya kundi lake na kuinua mtego wake wa waya na ndoana ili wauone.

"Huu hapa waya. Urefu wake ni kutoka kiwiko changu mpaka ncha za vidole, na usiniulize kama ukipungua kidogo si neno. Ni neno. Hizi ndoana mbili, kila moja ina ncha tatu, na nimevibana vijino vyake vya kukwamia ili zitoke kirahisi. Ya juu inaingia kwenye shina la mkia wa samaki wa chambo. Ya chini ubavuni. Mkia unaelekea kwako, kichwa kinaelekea majini. Kwa nini?"

"Ili... kisidondoke?" alijibu muuguzi mmoja kutoka mji wa Ramsey.

"Ili kisidondoke ukirusha, sawa. Na kwa sababu paiki anameza kichwa kwanza. Ukimgeuzia, ndoana zako zitakuwa upande usiofaa, na utabaki umeduwaa kama ng'ombe langoni."

Aliwaonyesha chubwi, lile pande la risasi la kuzamishia chambo, lilivyofungwa kwa uzi dhaifu ili likinasa kwenye matope likatike peke yake bila kumfunga samaki. Aliwaonyesha chelezo chekundu, cha kuelea na kuonyesha samaki akigusa, kilichoachiwa mshipi mrefu kuliko kina cha maji. Kisha akarusha nusu ya kibua kilichogandishwa katikati ya mfereji, akakaza mshipi mpaka chelezo kikasimama kimeinama kidogo, na kulaza fimbo juu ya vishikizo vyake.

"Kikitembea, piga, yaani inua fimbo kwa nguvu ndoana imshike. Kikizama, piga. Kikilala ubavu, piga haraka zaidi, maana amekibeba chambo na anakuja kwako. Wazee wetu walimsubiri ale. Baba yangu aliwasha kiko kwanza. Ndiyo maana kila paiki aliyemvua baba yangu alikufa, ndoana zikiwa tumboni."

Mtu mmoja akauliza kuhusu kengele za umeme zinazolia samaki akigusa.

"Kengele ni za watu wanaolala," alisema Averil, akamtupia jicho Wilf Leeder, aliyekuwa akimimina chai kwenye meza ya kukunja.

Kila mwanachama alijua lile jicho lina maana gani. Mwanzoni mwa majira ya baridi yaliyopita, majuma machache baada ya kumzika mkewe, Wilf alisinzia kwenye kiti chake hapa mferejini. Paiki akameza chambo mpaka tumboni, akafa. Averil alisimama kwenye baa mbele ya watu wote na kudai sheria: anayeiacha fimbo bila macho, samaki akameza, akae nje msimu mzima. Sheria ikapita. Wilf alikaa nyumbani kwake baridi yote, peke yake, akitazama ukuta. Averil hakupoteza usingizi. Sheria ni sheria.

Ilipofika saa ya mikate ya bekoni, wanafunzi walitawanyika kuelekea mezani, na Jolyon akawa amewakusanya pale, mkate mkononi, akiongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kamera. Averil alibaki na fimbo yake nyuma ya nyumba ya pampu za mfereji, mahali pasipoonekana kutoka mezani. Upepo ukamletea maneno.

"...mpe nafasi tu, rafiki zangu. Hesabu mpaka kumi, atulie, ajisikie salama..."

Ajisikie salama! Averil hakukumbuka alivyonyanyuka. Alijikuta mezani.

"Wewe Jolyon, umehesabu mpaka kumi mara ngapi? Maana kila mara ni samaki mmoja anayekufa."

"Averil! Karibu. Kuna mitazamo tofauti, unajua..."

"Mtazamo! Ndoana iko tumboni, wewe unasema mtazamo? Nani kakufundisha, mwenye duka? Maana huyo ndiye anayefaidi. Samaki anaondoka na waya, wewe unarudi kununua mwingine."

Watu wakacheka. Muuguzi wa Ramsey alicheka mpaka akamwaga chai. Jolyon akatabasamu lile tabasamu lake, na Averil, akiona kwamba watu wako upande wake, akaongeza. Aliongea kuhusu wavu wa Jolyon, kuhusu buti zake, kuhusu kofia yake. Alikuwa hajawahi kusikilizwa vizuri kiasi kile. Aliporudi nyuma ya nyumba ya pampu moyo ulikuwa wa moto, na alijua kwamba Jumapili ni yake.

Chelezo kilikuwa kimelala.

Hakikuwa kimelala sasa hivi. Mshipi ulikuwa umelegea kabisa na kuelea juu ya maji, ukielekea kwenye matete ya ukingo ule ule aliosimama. Averil alizungusha rili ya kukunjia mshipi mpaka akahisi uzito, akapiga, na samaki akaja polepole kama gogo. Alikuwa jike mkubwa wa kijani, tumbo la rangi ya siagi. Alimlaza kwenye mkeka wenye unyevu na kumfungua kinywa. Hakukuwa na ndoana. Kulikuwa na waya tu, ukishuka kooni na kupotea.

Mfukoni alikuwa na mkasi wa kukatia waya. Angekata, angemrudisha, samaki angeogelea vizuri mbele ya watu, na angekufa baadaye chini ya daraja fulani pasipo mtu wa kumwona. Jumapili ingekuwa yake. Njia ya pili ni kupitia upande wa matamvua, pale samaki anapopumulia, koleo refu likiingia kugeuza ndoana moja moja, na kazi hiyo inataka mtu wa pili amshike samaki wazi bila kutetemeka. Mtu wa pili ana macho.

Averil alimtazama samaki, na samaki hakumtazama mtu.

"Wilf!" aliita. "Wilf Leeder! Njoo hapa!"

Walikuja wote. Wilf alipiga magoti bila kuuliza, akaingiza vidole chini ya taya na kukiinua kichwa. Jolyon alikwisha kutoa simu.

"Weka hiyo mfukoni, kijana," alisema Wilf, "au itaingia majini kabla ya samaki."

Averil aliupitisha mdomo wa koleo kando ya nyuzi nyekundu za matamvua, akavuta waya taratibu mpaka ndoana ya kwanza ikaonekana, akaigeuza, ikatoka. Ya pili ilikataa. Akageuza tena. Jino likamchana kidole. Ikatoka. Walimrudisha majini pamoja, Wilf akimshikilia mkia mpaka akajikaza mwenyewe na kupotea kwenye maji ya chai.

"Nilikuwa mezani," alisema Averil, bila kumtazama mtu. "Fimbo ilikuwa hapa. Mmenisikia wote mezani."

"Jamani, hayupo aliyekufa," alianza muuguzi.

"Sheria haisemi akifa. Inasema akimeza. Naijua, ni yangu." Alianza kukunja mshipi. "Msimu mzima. Jolyon, wachukue. Na ukiwahesabia mpaka kumi tena nitakuja kwako na hili koleo."

Jolyon aliwachukua. Walimfuata, wengine wakigeuka nyuma, na punde sauti yake ya kamera ikasikika tena, ingawa ilipofika kwenye habari ya kupiga ilisema "mara moja" na kupita haraka.

Wilf alibaki, akifuta ute mikononi.

"Mimi nilikuwa nimelala," alisema. "Wewe ulikuwa unaongea. Afadhali mimi nilipumzika."

Averil aliitia fimbo kwenye mfuko wake na kuufunga.

"Vikombe vile," Wilf alisema, akielekeza kidevu mezani, "vinaoshwa na waliofungiwa. Mwaka jana nilitoka nyumbani siku hii tu, nikaviosha peke yangu."

Averil alikunja mikono ya koti. Maji ya ndoo yalikuwa baridi kama kisu, na kile kidole kilichochanwa kikaanza kuwasha.

"Nani kaosha hivi vya chini?" alisema. "Vina chai ya mwaka jana."