Mbwa Hali Kiapo

Ini lenye macho halikuliwa Matongo, kijijini kwetu. Halikuzikwa wala halikuchomwa moto. Lilitupiwa mbwa, na sababu yake kila mtoto aliijua: mbwa hula kila kitu, lakini hali kiapo. Mtu akila ini lile, kisha akaitwa kuapa mbele ya wazee, kiapo chake kitakuwa kimeshachafuka. Mbwa haitwi na wazee. Basi ale yeye.

Macho yenyewe ni malengelenge ya maji, meupe, mengine madogo kama punje ya hindi, mengine makubwa kama yai la kanga, yamezama ndani ya nyama na kung'aa. Mseti Machage aliyajua kuliko mtu yeyote upande huu ulipo mgodi leo. Alikuwa msoma matumbo, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Mbuzi alilazwa juu ya majani mabichi, tumbo likafunguliwa, na Mseti akapiga magoti kimya. Utumbo ulikuwa njia, ini lilikuwa nyumba. Ini likiwa safi, watu walipumua: vijana wakaenda kutahiriwa, bibi harusi akachukuliwa, ng'ombe wakahamishwa. Likiwa na macho, maana ilikuwa moja tu. Katika mji huu kuna mtu ameapa uongo, na waliotutangulia wanamtazama.

Leo watu wanacheka. Lakini siku zile mtu alifikiri mara mbili kabla ya kufungua mdomo, na tangu hapo sijaona mahakama iliyoweza kumfanya mtu afikiri hata mara moja.

Mke wa Mseti aliitwa Wegesa, mzaliwa wa Ringwani, wilaya ya Serengeti. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye ulimi. Yeye ndiye aliyelichukua ini lile kwa mkono wake na kulipeleka nyuma ya jiko, kwa sababu msomaji akishamaliza hakutakiwa kuligusa tena. Kisha alikwangua sufuria ya ugali na kummwagia mbwa ukoko juu ya ini hilo. Mbwa aliitwa Watasema. Alilala mlangoni pa jiko, akamlamba Wegesa mikono alipokuwa anakamua, na alinenepa mpaka wageni wakauliza anakula nini.

Mwaka mmoja ng'ombe wa shemeji yake Wegesa alipotea. Ikasemwa kwamba Wegesa aliwaona waliomswaga kuelekea mpakani, na kwamba mmoja wao alikuwa kaka yake mwenyewe, Filemoni. Wazee walimwita. Wegesa alikula kiapo mbele ya watu wote: hakuona mtu, hakuona ng'ombe. Shauri likaisha.

Mvua zilizofuata, tumbo lake likaanza kujaa upande wa kulia, chini ya mbavu. Akakonda mikono na shingo, tumbo likabaki peke yake. Majirani wakaanza kupita mbali na jiko lake. Mseti akachinja mbuzi, na ini la mbuzi yule lilikuwa limejaa macho.

"Wegesa," alisema, watu wamesimama. "Wanakutazama. Sema."

"Nimeshasema."

"Sema kweli."

"Mseti, hilo ini ni la mbuzi. Muulize mbuzi aliapa nini."

Watu wawili watatu walicheka, kisha wakajuta. Mseti alimrudisha Ringwani kwa ndugu zake, na binti yao Neema, aliyekuwa bado mdogo, alimfuata mama yake mpaka mtoni, akarudishwa kwa fimbo. Wegesa alikufa kabla ya mavuno. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshatolewa wote, lakini alizikwa kwao, katika shamba la mihogo, kama msichana ambaye hakuwahi kuolewa. Kwetu sisi hakuna kifo kibaya kama hicho. Na Neema alikua akiitwa mtoto wa kiapo.

Miaka ikapita. Mgodi ukaja, vilima vya vifusi vikainuka palipokuwa malisho, na watu wa mikoa yote wakamiminika kutafuta dhahabu. Hakuna aliyemwita Mseti tena. Vijana wanatahiriwa tarehe iliyopangwa na shule. Bibi harusi anachukuliwa siku ambayo ukumbi uko wazi. Mseti alizeeka peke yake na mbwa wa uzao wa yule wa kwanza, naye jina lake Watasema, kwa kuwa hakuona sababu ya kutafuta jina jingine.

Kisha tumbo lake likaanza kujaa. Upande wa kulia, chini ya mbavu.

Lakini uvimbe haukumtisha kama sufuria. Mchana, jua likiwa kali na mji mtupu, alisikia mtu anakwangua sufuria nyuma ya nyumba. Polepole, kuzunguka, kama mtu asiyetaka kuacha hata punje. Jiko lile lilishaanguka zamani. Pamebaki mafiga matatu ndani ya majani. Hayo ya sufuria aliniambia yeye, na yangekuwa maneno yake tu nisingeyaandika. Lakini mbwa nilimwona mwenyewe. Tulikuwa tumekaa, hakuna sauti yoyote niliyoisikia mimi, na Watasema akainuka, akaenda mpaka kwenye mafiga, akakaa akiyatazama na kutikisa mkia. Alingoja. Baadaye alijilamba mdomo, akarudi kulala.

"Umeona?" Mseti aliniuliza.

Nilisema sijaona kitu.

Neema sasa ni mama wa watu wazima, ana duka dogo Nyamisangura, mjini Tarime. Aliposikia hali ya baba yake alikuja na bodaboda, akampeleka hospitali. Daktari aliitwa Vedasto, Mhaya, kijana mwenye sauti ya chini. Alimpaka Mseti mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kifaa cha ultrasaundi, na kwenye kioo kikatokea kitu cha kijivu chenye mviringo mweusi mkubwa, na mingine midogo ndani yake.

Kabla daktari hajafungua mdomo, Mseti alisema, "Macho."

"Unasemaje, mzee?"

"Hilo ni ini. Na hayo ni macho."

"Ni ini, ndiyo. Hii mifuko ya maji ni ya minyoo. Unafuga mbwa?"

"Nani hafugi mbwa?"

Vedasto alieleza taratibu, na Neema baadaye alinieleza kama alivyosikia. Mbwa akila ini lenye mifuko ile, minyoo midogo sana inaota ndani ya utumbo wake. Yeye haumwi. Mayai yanatoka na kinyesi, yanashika manyoya, yanaingia kwenye maji, kwenye mikono, kwenye chakula. Mtu akiyameza yanakwenda kwenye ini, na mfuko unakua kidogo kidogo, hata miaka mingi, mwenyewe hajui. Mbuzi na kondoo vilevile. Ini kama hilo lichomwe au lifukiwe chini sana, na mbwa wapewe dawa ya minyoo.

"Na huu wako umekuwa mkubwa," alisema. "Utakunywa vidonge kwanza, halafu wapasuaji watautoa mzima. Ukipasuka ndani, mzee, unaweza kukuua."

Mseti alikaa, shati likiwa bado wazi. "Na mtu aliyekula kiapo cha uongo, je?"

Vedasto alidhani ni mzaha. "Huyo tutamwona kwa mashine gani, baba?"

Neema hakucheka. "Daktari, mama yangu alivimba hivi hivi. Ndiye aliyekuwa anampa mbwa yale maini, kwa mkono wake."

"Siwezi kumpima marehemu, dada. Inawezekana. Siwezi kusema ndiyo."

"Umesikia," Mseti alimwambia binti yake. "Hata yeye hajui."

Akakataa kupasuliwa. Watu walisema anaogopa kisu. Mseti hakuogopa kisu. Alitahiriwa mwaka mmoja na mimi, namjua. Alichoogopa ni hiki: akikubali kwamba macho yake ni minyoo ya mbwa, atakuwa amekubali kwamba na ya mbuzi yule yalikuwa minyoo, na kwamba alimfukuza mke wake akafie mbali kwa neno ambalo waliotutangulia hawakulisema. Akikataa, atakufa, lakini atakufa akiwa msomaji.

Neema alimwambia wazi, dukani kwake, mbele ya wateja waliokuja kununua sabuni. "Tata, nataka upone. Lakini zaidi nataka ukamsafishe mama. Nenda Ringwani ukaseme. Ukifa hujasema, sisi tutabaki watoto wa kiapo mpaka wajukuu."

"Nikaseme nini? Kwamba baba yangu na baba yake walikuwa wajinga?"

"Sema kwamba mama alisema kweli."

Mseti alirudi Matongo. Siku chache baadaye nilimkuta kwenye kibanda cha Luhaga, Msukuma aliyechoka kuchimba akaamua kuchoma nyama. Kwa Luhaga mbuzi huchinjwa bila neno, huku redio inaimba, matumbo yanaoshwa haraka haraka kwa ajili ya supu. Mseti alisimama akitazama kisu kinavyokwenda.

"Luhaga, unaonaga macho kwenye ini?"

"Macho? Hayo malengelenge? Wiki haipiti, mzee. Mbuzi wa mnadani wote wako hivyo. Wa Wajaluo, wa kwetu Usukumani, wa kwenu. Nakata palipoharibika, panapobaki napiga kitunguu. Likishaonja kitunguu halioni tena!"

Wachimbaji waliokuwa wanangoja supu walicheka. Luhaga akakata kipande chenye malengelenge, akakirusha nyuma bila kugeuka, na mbwa watatu wakakigombania.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mpaka sasa kinanichoma. Maana imekufa, tabia imebaki. Mkono ule ule, mbwa wale wale, na hakuna hata mmoja anayejua kwa nini anarusha.

Mseti aliwatazama mbwa wale. "Mbuzi wa mnadani," alisema, kama anajisemea. "Hawana mji. Hawa waliapa nini?" Alipogundua neno hilo alilisikia kwa nani, alishika nguzo ya kibanda. Nilidhani tumbo limepasuka.

Kesho yake alimwambia Neema atafute gari.

Filemoni, kaka yake Wegesa, bado alikuwa hai Ringwani, mzee mwenye jicho moja na mdomo uliosalia wote. Alimpokea Mseti bila kumpa kiti.

"Shikamoo huitaki kwangu, umri wetu ni mmoja," alisema. "Umekuja kudai ng'ombe?"

"Nimekuja kusema."

"Eee? Leo mbuzi amekwambia nini?"

"Hajaniambia kitu. Hawajawahi kuniambia kitu."

Filemoni aliinuka. Kisha akamwongoza shambani. Kaburi halikuwa na jiwe wala mti. Mihogo ilikuwa imepandwa na kuvunwa hapo misimu mingi. Filemoni alitembea huku na huku, akashindwa. "Sema popote," alisema. "Shamba lote ni lake."

Mseti alivua kofia, akasema kwa sauti, watu wa mji wakiwa wamesimama ukingoni mwa shamba: "Wegesa, uliapa kweli. Mimi ndiye niliyesoma vibaya." Hakuna kilichojibu. Neema alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge.

Filemoni alitema mate pembeni. "Umechelewa, mura. Sisi hatukuwahi kukuamini. Ni nyie kule mlioamini." Akamshika mkono, akamtoa kati ya mihogo kama anavyotolewa mtu asiyeona.

Ndani ya gari midomo ya Mseti ilikuwa inacheza. Neema alidhani anasali. Alipoinamisha sikio, alisikia majina. Mama yake Elia. Yule kijana aliyekimbilia Kenya. Mjane wa karibu na daraja. Kila aliyewahi kusimama mbele ya mbuzi wake akaambiwa anatazamwa. Wengine watoto wao bado wako hapa Matongo, wanauza chapati na maji kwa wachimbaji.

Alikunywa vidonge vyake, kisha akapelekwa Mwanza kupasuliwa. Muuguzi aliyemtia dawa ya usingizi alimweleza Neema baadaye. Alimwambia mzee ahesabu moja, mbili, tatu, taratibu, mpaka alale. Mzee hakuhesabu. Alianza kutaja watu, mmoja mmoja, na jina la baba la kila mmoja. Usingizi ulimchukua katikati ya jina.

Mfuko ulitoka mzima. Alipoamka, kabla hajaomba maji, alilimalizia lile jina, akaendelea na linalofuata.