Sweta Niliyoikataa Siku ya Ntheo

Nimeuza sweta za mitumba katika soko la Matiliku hadi nikazeeka, nikajiona profesa. Basi siku ya ntheo, jamaa wa kijana walipoleta mbuzi wa kumposa binti yangu, waliniletea pia sweta ya kashmiri, yaani manyoya laini ya mbuzi. Niliipima mkononi, nikaiona nyepesi mno.

“Mnanidharau,” nikasema. “Sweta ya manyoya ya mbuzi huwa nzito kama hii yangu niliyovaa.”

Binti yangu akainama, machozi yakimlengalenga. Shangazi wa kijana akaja kusugua mkono wa sweta yangu. Vidonge vya manyoya vikajitokeza. Akasugua ile yao, ikabaki laini.

“Mzee, nyuzi fupi hutoka hivi. Ndefu na nyembamba hukaa, na ndizo nyepesi,” akasema taratibu. “Sasa mbuzi turudi nao, ama?”

Kosa lilikuwa langu. Nikavua yangu haraka nivae yao, nikasahau kwamba shati la ndani limeraruka mgongo mzima.