Fundi wa Kufungua Tu

Mimi najua kufungua motokari. Nasema bila kujisifu, maana ni kazi niliyojifunza nikiwa kijana, na mwalimu wangu alikuwa vita. Kufunga ndiyo sikufundishwa. Lakini kwa miaka mingi hakuna aliyeniuliza habari ya kufunga, na mimi sikuona sababu ya kuwakumbusha watu.

Wakati ule hapa Kindu, kuwa na motokari nzima kulikuwa ni kuitafutia familia matatizo. Askari walipita kwenye avenyu, wakiona magurudumu wanasema, "Hii tunaazima." Ukiuliza itarudi siku gani wanakucheka, nawe unacheka nao ili wasikasirike. Baba yangu, mtu wa reli tangu ujana wake, alikuwa na jeep kuukuu aliyoipenda kama mtoto wa mwisho. Sisi wa mtaa wa Mikelenge tulikuwa tumeshapata akili: motokari isiyowaka haina anayeitamani. Basi kila mwenye nayo aliifanya mgonjwa. Asubuhi moja Baba aliniita akanipa spana. "Toa vitu," akasema. "Toa mpaka isiweze hata kukohoa."

Nikatoa. Kanuni ilikuwa moja tu: vipuri viwili visilale mahali pamoja, maana askari akipata kimoja asipate na ndugu yake. Kabureta ilikwenda ndani ya gunia la mpunga wa mbegu. Betri ilikwenda chini ya kitanda. Magurudumu tuliyazika katika shamba la mihogo, na mihogo juu yake ikaendelea kukua vizuri tu. Askari walipokuja, mmoja aliingia, akazungusha ufunguo: kimya. Akazungusha tena: kimya. Akaupiga mlango teke, wakaondoka zao.

Baba hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Siku ile alinishika bega mbele ya majirani akasema, "Huyu sasa njo enjenyeri."

Neno lile la kuitwa injinia liliniharibu. Majirani wakaanza kuniita nikafungue za kwao. Nilikuwa mwembamba wakati huo, napita chini ya motokari bila kriki ya kuinyanyulia, natoka na pampu mkononi kama mtu aliyeua nyoka. Nikajiona fundi mkubwa wa Maniema nzima. Hakuna aliyetazama vizuri, hata mimi mwenyewe, akaona kwamba kila motokari niliyoigusa ilikuwa haitembei, na kwamba sifa zangu zote zilitoka hapo hapo.

Amani iliporudi tulijaribu kuifunga ile jeep ya Baba. Vipuri vingine hatukukumbuka vililala wapi, vingine tulivikuta kutu imevimaliza. Mwisho tukawaachia kuku. Nikasema kosa ni la vita. Vita ilikuwa imebeba makosa mengi, ikabeba na hilo.

Leo mimi ni mtu mzima, nina tumbo, na bila kriki sipiti chini ya kitu chochote. Lakini ule uenjenyeri haukunitoka. Kwa hiyo nilipopata nafasi nilinunua jeep ya mtumba, ya familia, yenye viti vya nyuma vya kukunja, iliyofika hapa kutoka Kalemie juu ya treni. Muuzaji aliapa kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa mama mtawa, alikuwa akienda nayo misa na kurudi. Nilipochungulia chini nikaona tope la mto limeganda, nikajua huyo mtawa misa zake zilikuwa ng'ambo ya mto, na daraja hakuna. Nikanunua vilevile. Kitu kibovu hakimtishi enjenyeri.

Ugonjwa wake ulikuwa kuchemka. Jumapili ya kwanza tulipotoka wote, tumevaa vizuri, haikufika mbali. Mvuke ukatoka mbele, watoto wakashangilia, watu waliotoka kanisani wakatuzunguka kutupa pole na kututazama. Mke wangu akafunga kioo.

"Baba, tuipeleke kwa makanika," akaniambia.

"Makanika? Mimi, nimlipe muntu aifungue?"

"Si kuifungua. Kuitengeneza."

Nilimwambia hajui vita. Anaijua kuliko mimi. Miaka ile njia ya Kibombo ilipofungwa, mama yake mzazi alikuwa kule, yeye huku, na kwa muda mrefu hakujua kama bado yuko hai. Alikuwa hai. Ila macho yake yaliendelea kufifia mwaka hata mwaka, mtoto wa jicho huku na huku, mpaka akawa anaona mwanga tu na vivuli. Kila tulipopata nafasi ya kwenda, alimshika mke wangu uso kwa mikono yote miwili, akamjua kwa vidole.

Basi siku moja redio ikatangaza, kanisani wakatangaza, msikitini wakatangaza: madaktari wa macho wamefika hospitali hapa Kindu, wanaondoa mtoto wa jicho, wako hapa mpaka Ijumaa, halafu wanapanda ndege. Watarudi lini, hakuna aliyesema. Mke wangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Aliacha mchi ndani ya kinu akaja kwangu mikono ikiwa bado mibichi.

"Baba, utamuleta mama?"

"Kwa jeep yetu," nikasema. "Kabla ya Jumatano utamuona hapa, ameketi kama mama mukubwa."

Alinishika mkono. Mungu anisamehe, nilijisikia raha sana.

Jumatatu nikaifungua jeep. Nilitaka kutazama pampu ya maji tu. Lakini nikishaanza, mimi sijui kusimama. Nikatoa pampu, nikatoa radiatere, nikatoa mipira ya maji, na kwa kuwa niko njiani nikatoa na vitu ambavyo havikuwa na shida yoyote. Mchana mke wangu alipokuja na chakula, akatazama chini, akatazama pembeni.

"Vile ulitoa viko wapi?"

Nikatazama. Chini hakuna kitu. Mkeka niliotandika kwa kuwekea vipuri ulikuwa mtupu.

Ndiyo kwanza nikaelewa. Nilikuwa nimevificha! Wallahi sikukusudia. Kila nilipotoa kitu, miguu ilinyanyuka yenyewe, ikaenda, mikono ikaficha, nikarudi chini ya motokari kuendelea, huku nikiimba. Kila kipuri mahali pake, viwili visilale pamoja. Tulianza kutafuta, mimi na yeye na watoto. Mpira mmoja wa maji tuliukuta nyuma ya picha yetu ya ndoa. Radiatere ilikuwa chini ya kitanda, imefunikwa vizuri kwa blanketi. Jioni ile mke wangu alikuwa anapepeta mchele, akatoa bolti, akaishika mbele ya pua yangu.

"Na hii iko nini?"

"Ni ya pampu."

"Nani alitaka kukuibia? Vita ilikwisha, baba."

"Najua ilikwisha."

"Basi iambie mikono yako."

Pampu yenyewe haikuonekana. Jumanne yote haikuonekana. Niliwashuku watoto, nikamshuku jirani, nikamtazama mbuzi vibaya. Jumatano nilichimba katika shamba la mihogo, nikijua kabisa kwamba sikuzika kitu, lakini nilichimba. Mke wangu akaja akasimama juu ya shimo.

"Tuite makanika. Kama hapana, tutume pikipiki."

"Pikipiki! Mama mukwe juu ya pikipiki, njia yote ile ya Kibombo? Watu watasema nini? Yule mama ana heshima yake."

Niliongea sana juu ya heshima ya mama. Nilitaja mashimo, nilitaja vumbi, nilitaja umri wake. Kweli tupu ni kwamba nilikuwa nalilia heshima yangu mwenyewe, na kila mtu pale alijua, hata watoto. Mke wangu aligeuka. Alirudi kwenye kinu, akatwanga kwa nguvu ambayo sombe haikuhitaji. Nikadhani nimeshinda.

Pampu niliipata Alhamisi asubuhi, juu ya paa la choo, palepale Baba alipokuwa akificha redio wakati wa vita. Nilifurahi hata nikasahau kuvaa vizuri. Niliingia chini ya jeep nikiwa na kaptula ya mpira wa miguu iliyopasuka nyuma toka juu mpaka chini, nikaanza kufunga, nikipiga hesabu kwamba saa sita naondoka, usiku niko Kibombo, kesho alfajiri narudi. Enjenyeri bado yuko hai!

Nikasikia pikipiki inaingia katika kiwanja chetu. Halafu mke wangu akapiga kelele, "Mama! Mama yangu!"

Nikageuza kichwa. Niliona gurudumu, viatu vya kijana mwendeshaji, halafu ikateremka miguu midogo katika viatu vya plastiki, vumbi jekundu mpaka magotini.

Lazima nieleze jambo kwa asiyejua mambo yetu. Kwetu, mwanamume na mama mukwe wake hawapeani mkono. Hawakai karibu, hawatazamani usoni, hawasemezani ila kwa kupitia mtu wa katikati. Ndiyo heshima. Kumtokea mama mukwe umepakaa oili, na nyuma uko wazi, afadhali uhame mji. Nilijiambia kwamba yule mama haoni. Lakini majirani walikuwa wanaona, na habari wangempa. Nikabaki chini.

Mke wangu akatoa kiti. Katika kiwanja kizima akachagua kukiweka kwenye kivuli cha jeep, karibu na kichwa changu. Mama akaketi. Ningenyoosha mkono ningemgusa kisigino.

"Na mukwe iko wapi?" akauliza.

"Ametoka kidogo, mama. Alienda kutafuta pampu."

"Ukimuona, umwambie asante. Miye nilikuwa naogopa hii pikipiki, mawee! Lakini kijana alisema, 'Mukwe wako njo alinituma. Alisema nikubebe kama mayai.' Nikapanda."

Nikangoja mke wangu acheke. Nikangoja aseme ukweli, alikuwa na haki yote.

"Ni kweli, mama," akasema. "Yeye njo alisema tusingoje jeep. Alisema, macho ya mama kwanza."

Oili ilikuwa inanidondokea kwenye paji la uso, tone baada ya tone, na mimi sikusogea. Niliona haya. Siyo haya ya desturi, ile naijua, hata huwa nafurahia kuionyesha. Hii nilikuwa siijui. Mwanamke niliyembishia siku zote zile alikuwa amemtuma kijana, akamfundisha na maneno ya kusema, akaniwekea sifa ambayo nilikuwa nimeikataa kwa kelele juu ya shimo la mihogo.

Halafu kisigino cha mke wangu kikaonekana, kikasukuma kitu chini ya motokari polepole. Kilikuwa kikwembe, kitambaa chake cha kujifunga kiunoni. Alijua muda wote nilipo. Nikajifunga, nikatoka upande wa pili kwa magoti, nikaruka uzio wa jirani mbele ya watu wote wa jirani.

Kwenda hospitali walipanda pikipiki ileile, mama katikati, mke wangu nyuma amemshika kiuno. Jeep ilibaki pale pale, mdomo wazi. Mimi niliwafuata kwa mguu, nimeoga, nimevaa koti.

Ijumaa asubuhi walimfungua bandeji. Walikuwa wamemketisha barazani pamoja na wazee wengine, na madaktari walikuwa wanafunga masanduku yao huku wanamalizia kazi. Mimi nilisimama mbali, ukutani, kama inavyonipasa. Daktari akatoa kitambaa. Mama akafumba macho, akafumbua, akafumba tena. Machozi yakamtoka kwa ajili ya mwanga. Halafu akamtazama mwanamke aliyepiga magoti mbele yake, akatazama muda mrefu, na nikaona hamjui.

"Mama, ni miye," mke wangu akasema.

Kwa sauti ile akamjua. Akanyanyua mkono, akagusa nywele zake pale mbele, zilizo nyeupe.

"Ulinificha," akasema. "Sauti bado ya musichana, kumbe unazeeka hivi peke yako na mimi sioni."

Mke wangu aliweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake akalia kwa sauti, na wazee wengine barazani wakalia, wale waliokwisha kufunguliwa na wale waliokuwa bado na vitambaa. Mimi nilitazama ukuta. Nilijitahidi kufikiria pampu, nikashindwa. Nilikuwa nafikiria kwamba saa ile, kama tungeingoja jeep yangu, yule mama angekuwa Kibombo ameketi mlangoni anasikiliza kama motokari inakuja.

Baadaye mama akanong'ona kitu, na mke wangu akanyanyua uso.

"Mama anasema, mukwe asante kwa macho."

Ningeweza kusema ukweli pale. Mdomo ulifunguka kabisa. Mke wangu akatikisa kichwa, kidogo tu, na nikaelewa kwamba ile sifa haikuwa zawadi yangu. Ilikuwa ya mama yake, ili siku ya kuona awe pia na mukwe mwema.

"Mwambie mama tumshukuru Mungu," nikajibu.

Akamwambia. Halafu akanigeukia, mashavu yamelowa, akasema kwa sauti ya chini ili mama asisikie, "Kesho unaita makanika."

Nikasema ndiyo.