Shahidi wa Mwezi

Makangale, kijiji cha Pemba, ukiuliza nani mwenye macho, utaoneshwa nyumba ya Mzee Mjaka Silima. Ni mkulima wa muhogo, lakini miaka thelathini, kila Shaabani na kila Ramadhani ikifika tarehe ishirini na tisa, aliweka jembe, akavaa kanzu, akenda pwani kuutafuta mwezi. Neno lake liliutosha msikiti wao mdogo. Akisema ameuona, wanafunga au wanakula Idi. Sifa hiyo ilimkaa vizuri, tena mwenyewe alijua.

Tarehe saba ya Shaabani mwaka huu, mjukuu wake Nahla, mwalimu wa fizikia Wete, alikuja na darubini ya shule. Baada ya Magharibi akaisimamisha uani. Mzee Mjaka akainama, akafumba jicho moja, akachungulia.

Aliouona haukuwa ule mwezi wake mwembamba. Ulikuwa nchi nzima, na milima yenye vivuli, na mashimo ya mviringo, vyote vimetulia katika nuru isiyo na upepo. Roho ikamtoka, ikaenda kutembea huko pekupeku, polepole, vumbi la kijivu likimwingia vidoleni. Nahla akamweleza watu walivyoukanyaga, na mitambo iliyotua hata upande wa nyuma, tusiouona, ikarudi na udongo wake.

"Subhanallah," akasema. "Na mie n'kidhani jirani yangu namjua!"

"Sasa twajua hata saa ya kutua kwake, Babu. Mwaka wowote. Nipe siku."

Kwa furaha akataja siku aliyojivunia kuliko zote: mkesha wa Idi ya mwaka jana, Makangale ilipowatangulia watu wa kijiji cha Gando kula Idi.

Nahla akabonyeza simu, akakunja uso. "Siku hiyo mwezi ulitua kabla ya jua. Hapana ntu Pemba nzima angeweza kuuona."

Mzee akakaa chini pale pale. Alikumbuka mawingu, na utepe mweupe uliotokeza mara moja ukapotea. Pengine moshi wa ndege uliopigwa na jua. Moyo ulisita jioni ile. Lakini aliifikiria Gando, akataka kuitangulia, akala yamini, na kijiji kizima kikala mchana wa Ramadhani kwa ajili yake.

"Hapana ajuaye ila mie na weye, Babu," Nahla akanong'ona.

"Na Mola wangu."

Ijumaa, baada ya sala, akasimama mbele ya watu. Akaeleza yote, na Gando pia hakuificha. "Kuna siku moja ya kulipa, na niloitia shingoni mwenu ni mie. Nisameheni. Pwani msinitume tena."

Shehe Ishak, imamu wao, akatazama mkeka. Watu wakatoka bila ya kumpa mkono, na aibu ikamuuma siku tatu.

Jumatatu alifunga siku yake, peke yake, kama alivyodhani. Asubuhi akatoka kwenda shamba. Akapita nyumba ya kwanza, ya pili, ya kumi: hapana jiko lililofuka moshi. Kwa Bi Mwanakhamis, muuza vitumbua, kikaango kilikuwa kimefudikizwa mlangoni.

"Leo hatupiki, Mzee Mjaka," akasema. "Sote twalipa. Na Shehe Ishak kasema, tarehe ishirini na tisa uende pwani. Shahidi mwengine hatumtaki."

Mzee Mjaka akaitikia kwa kichwa, akashika njia ya shamba huku akilia.