Nilimpelekea dada game yetu ya ndege iliyotolewa upya, akaniambia nisilolijua

Wakuu, habari za humu ndani.

Haya yamenipata mwenyewe na sitatia chumvi. Chumvi naiona ya kutosha kazini, niko Marereni.

Mie ni fundi wa mashine zinazovuta maji ya bahari kuingia mashamba ya chumvi. Wenzangu wengi ni wa vijiji vya hapa hapa. Jioni kila mtu huyoo kwake, mie narudi chumba cha kupanga. Mke sina. Jirani yangu ni stoo ya duka.

Sasa, mliokulia enzi za TV game za kaseti mtanielewa.

Kulikuwa na zile za ndege. Ndege yako iko chini ya screen, dunia yote inakuteremkia, risasi kama mvua, na mwisho wa level kuna boss, adui mkubwa anayeziba anga nzima. Watoto wa siku hizi wanasema ni graphics za kizamani. Sawa tu.

Nyumbani Malindi nilicheza na dada yangu Zuhura, ndugu yangu wa pekee. Yeye ndege nyekundu, mie ya buluu. Siku zote alitangulia mbele, akafa kwanza, mie nikapita. Nilikua nikiamini hakuna dada kama yule.

Juzi juzi nikaona game ile ile imetolewa upya. Picha zimesafishwa, muziki umepigwa upya, lakini maadui wanatokea pale pale walipokuwa wakitokea. Nikaidownload kwenye laptop, nikanunua na pedi mbili za kuchezea.

Msinicheke. Nilikuwa nachagua wachezaji wawili na niko peke yangu. Ile nyekundu inatokea, inasimama, haina mtu, inalipuka. Naanza tena ili niione ikitokea.

Jioni moja nikajisikia nikiiambia kwa sauti, "Sogea, sogea!"

Nikazima.

Jumamosi yake nikaenda Kilifi. Dada ameolewa huko, ni muuguzi. Ilikuwa zaidi ya mwaka sijafika kwake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuletea game."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Tukala, tukakaa kucheza. Hakukumbuka hata kitufe cha kupigia risasi. Level ya pili akaiweka pedi mapajani.

"Salimu, nikwambie kweli? Mchezo huu sikuwahi kuupenda."

"Mbona tulicheza kila siku?"

"Mama ndiye aliyenituma. Yeye na baba walikuwa wakigombana chumba cha pili, wazee wanaingia wanatoka kuwapatanisha. Akaniambia, mshughulishe mwenzio, fungua sauti, asisikie. Mie nilikuwa nasikia yote. Ndiyo maana nilikuwa nikifa haraka."



Miaka yote nilidhani ananifungulia njia. Kumbe masikio yake yalikuwa chumba cha pili, naye alikuwa mtoto kama mie.

Akaniuliza, "Na huko Marereni wacheza na nani?"

"Peke yangu."

Akaenda kuwatazama wanawe, akarudi. "Basi Ijumaa nitakupigia."

Na kweli akawa anapiga. Lakini hatuna mengi. Ataniuliza nimekula nini, nitamuulizia watoto, kisha "haya basi." Simu ikikatika, chumba kinapoa kuliko kabla hajapiga.

Ijumaa iliyopita hakupiga. Nikangoja mpaka Magharibi ikaadhiniwa. Nikanuna, sifichi. Halafu nikampigia mie.

"Afadhali umepiga," akasema. Ndiyo kwanza ametoka zamu. "Leo sijapata hata wa kumwambia nimechoka."

Nyumba ina mume na watoto, wakuu, na hajapata wa kumwambia.

Akanisimulia siku yake yote, mgonjwa mmoja mmoja. Mie nikasikiliza tu.

Nililojifunza ni dogo. Mie nilidhani upweke ni wa mtu anayelala peke yake, nikakaa nikingoja nikumbukwe. Kumbe mwenzangu naye alikuwa akingoja, na namba yake nilikuwa nayo siku zote.

Haya, uwanja ni wenu. Mliotupwa mbali na watu wenu kwa ajili ya kazi, jioni mnaongea na nani? Andikeni hata kwa kirefu. Nitasoma zote, muda ninao.